Alhamisi za Villawood

Wanaosema mapenzi ni upofu hawajawahi kupenda kwa wivu. Avelina alipompenda Murhula ndipo macho yake yalipofumbuka. Akawa anaona simu iliyolazwa kifudifudi mezani, anaona kicheko kinachokatika akiingia, na Jumatatu moja ya Agosti, mwaka ule wa 2021 ambao Sydney nzima ilifungiwa ndani, akaona vitone viwili vya kijivu kwenye mdomo wa pampu ya gari kuukuu. Vitone tu, vidogo kuliko punje ya ulezi. Vikamtoa raha.

Murhula alikuwa na karakana Granville, nyuma ya duka la mikate ya Kilebanoni, dakika nne kwa miguu kutoka duka la dawa ambako Avelina alikuwa mfamasia. Hakutengeneza magari mazima. Kazi yake ilikuwa kufufua viungo vyake: kabureta, pampu za petroli, na zile pampu za hewa ambazo Wamarekani walizifunga kwenye magari yao ya mbio ya miaka ya sabini ili kupunguza sumu ya moshi. Enzi zile vijana walizing'oa wakazitupa jalalani, kwa kuwa ziliiba nguvu ya injini. Leo vijana walewale wameota mvi na wanazitafuta kwa machozi, maana gari lisilokuwa na kila kiungo lilichozaliwa nacho halihesabiwi kuwa la asili.

"Unawezaje kupenda kitu ambacho wenyewe walikitupa?" Avelina aliwahi kumuuliza, siku za mwanzo.

"Sababu na mimi niko kitu walitupa," Murhula alimjibu, akacheka, akaendelea kusugua kutu kwa mswaki. Alikuwa Mkongo wa Bukavu aliyekaa kambini miaka tisa kabla ya kuletwa Australia. Hakuyasema maneno yale kwa kutafuta huruma. Aliyasema kama mtu anayetaja saizi ya kiatu chake, na moyo wa Avelina ukaisha palepale.

Ni Murhula huyohuyo aliyemfundisha kutazama vitone. Kiungo kikishasafishwa hupakwa zinki kwa umeme hadi king'ae rangi ya dhahabu, kama kilivyotoka kiwandani. Huninginizwa kwa waya ndani ya dawa, na pale waya ulipogusa hubaki kitone kisichopakwa. Kila Alhamisi Murhula alipeleka mzigo wake Villawood kwa mzee mmoja wa Kimalta aitwaye Rufus, fundi wa kupaka.

"Rufus anafunga waya moja, ndani ya tundu la bolti," alimwambia. "Pale hakuna mtu ataona. Ni kama mshonaji, chérie. Ukiangalia mshono, unajua mkono."

Sasa Jumatatu hiyo Avelina alikuwa anamsaidia kufunga pampu kwenye karatasi, akaona mkono mwingine. Vitone viwili, na viko mdomoni, si tunduni.

"Rufus kabadilisha mtindo?" akauliza.

Murhula hakugeuka. "Mzee anachoka," akasema. Kisha akaja akaichukua pampu mikononi mwake kwa haraka kidogo, akaimalizia kuifunga mwenyewe.

Ilikuwa wiki mbaya ya kuanza kushuku. Kwa amri za wakati ule, mtu anayeishi peke yake aliruhusiwa mgeni mmoja tu, yuleyule, jina lake limeandikishwa serikalini. Avelina alimwandikisha Murhula, na Murhula akamwandikisha Avelina. Wenzake dukani walimtania kwamba hiyo tayari ni ndoa ya serikali, imebaki ya kanisani. Na kweli ilikuwa imebaki siku chache: Jumamosi saa kumi jioni, kwa Zoom, Murhula alikuwa anapeleka posa. Kaka yake Avelina, Kassian, ndiye angeipokea kwa niaba ya baba yao marehemu.

Jumatano asubuhi, Rufus mwenyewe akaingia dukani kuchanjwa.

"Mkono upi, mzee?" Avelina akamuuliza.

"Wa kushoto. Wa kulia ndio unaonilisha."

Avelina akapangusa bega lake kwa pamba. Akajitia kuuliza kwa utani tu. "Ile pampu ya juzi imetoka nzuri. Lakini siku hizi naona unafunga nyaya mbili."

"Pampu ipi, binti?"

"Ya Murhula. Aliyoleta Alhamisi."

Rufus akamtazama juu ya barakoa kwa macho yake ya buluu yaliyojaa maji. "Mimi nimezima kila kitu tangu mwisho wa Juni. Kwa mapafu haya? Daktari alisema funga, nikafunga. Sijamtia Murhula machoni wiki nane. Msalimie sana."

"Zitafika," Avelina akasema. "Utasikia kama mdudu amekuuma." Akachoma. Mzee hata hakukunja uso. Aliyeumia alikuwa mwenye sindano.

Saa saba alibeba wali na maharage akaenda karakana kama kawaida yake. Murhula alikuwa nje akipokea mzigo kwa dereva, wanapigiana kelele kwa mbali kama viziwi, maana hata kusaini karatasi moja kulikuwa kumekatazwa. Avelina akaweka vyombo mezani. Hakuwa mtu wa kupekua, na kama angekuwa amepekua msimulizi huyu angesema. Karatasi ilikuwa pale pale mezani, chini ya kabureta iliyofunguliwa matumbo: poda ya zinki, chupa mbili za asidi, zimepelekwa Villawood. Jina la mpokeaji: Kasoki. Nambari ya nyumba na mtaa chini yake. Na pembeni, kwa kalamu, kwa mwandiko ambao Avelina aliujua vizuri kuliko wake, "Alhamisi saa tisa".

Kasoki. Si jina la Kimalta hilo, na si la mwanamume. Mama mmoja wa Kikongo aliyechukua dawa za presha pale dukani aliitwa hivyohivyo.

Murhula akaingia, akanawa, akaketi. "Wali! Mungu akubariki."

"Kesho unaenda kwa Rufus?"

"Eh. Kama kila Alhamisi."

"Hajambo?"

"Hajambo. Amezeeka tu," Murhula akasema, akala wali wake wote kwa hamu, akaomba ukoko.

Avelina alimtazama anavyotafuna. Lile paji la uso pana, kile kidole gumba chenye kovu la moto, vyote vilikuwa vilevile. Laiti uongo ungekuwa unabadilisha sura ya mtu, angalau angemwogopa. Lakini alizidi kumpenda, na hilo ndilo lililomkasirisha.

Jioni, Avelina akitembea kurudi nyumbani, Kassian akampigia kutoka kwake Quakers Hill. Kassian alikuwa mhandisi wa majengo, mtu wa vipimo, na tangu mwanzo hakumtaka Murhula.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mama yake atakuwepo Jumamosi? Maana nilishasema, Ave. Sipokei posa ya mtu mmoja kwenye screen. Lazima nisikie sauti ya mzazi wake."

"Atakuwepo. Murhula ataunganisha na simu ya Bukavu."

"Na hajui Kiswahili."

"Anajua Mashi tu, kaka, lugha ya kwao. Ni mama wa kijijini. Murhula atatafsiri."

Kassian akacheka kwa pua. "Yaani bwana harusi ndiye mkalimani wa mama yake? Mdogo wangu, umesoma famasia miaka minne unauziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi sina neno na Wakongo. Sina neno na ukimbizi wala na hivyo vyuma chakavu vyake. Lakini mtu asiyekuonyesha kwao, jua ana kwao kwingine. Mficha uchi hazai. Wewe unamwamini?"

Siku nyingine angemrukia. Siku hiyo alisimama kando ya reli ya Granville, treni tupu ikapita na taa zake, akaitumia kelele ile kama kisingizio cha kutojibu.

"Ave? Nimekuuliza."

"Nimekusikia, kaka. Tutaongea Jumamosi."

Alhamisi dereva wa kupeleka dawa majumbani alikuwa karantini. Meneja hakujua afanye nini na mifuko ya wagonjwa watatu wa Villawood. Avelina akasema atakwenda yeye, tena akasema kabla hajaombwa. Alichukua ruhusa ya kazi iliyopigwa chapa, akaweka mifuko kiti cha nyuma, akaondoka. Alipeleka dawa nyumba ya kwanza. Nyumba mbili zilizobaki zilikuwa mbele, lakini gari, kama punda aliyezoea njia, likakata kushoto kwenye mtaa ulioandikwa kwenye ile karatasi.

Ilikuwa nyumba ya mbao, rangi imebanduka, na banda la gari pembeni. Gari jeupe la Murhula lilikuwa limeegeshwa mlangoni. Mlango wa banda ulikuwa umeinuliwa nusu, na harufu kali kama ya siki ilitoka chini yake pamoja na kicheko. Kicheko cha Murhula, kile cha tumboni ambacho Avelina hakukisikia tangu Julai.

Akainama akaingia.

Mwanamke mwenye aproni na glavu za mpira alikuwa anachomoa kitu kinachong'aa kutoka kwenye ndoo. Alikuwa wa makamo, mrefu, barakoa imeshuka kidevuni. Murhula alikuwa ameshika trei. Kwenye mlango wa kuingilia ndani ya nyumba alisimama msichana wa miaka tisa hivi na tablet mkononi.

"Uncle, my tablet's stuck again," msichana akasema.

Huku Sydney kila mwanamume wa Kiafrika ni uncle, kwa hiyo neno hilo halikumsaidia Avelina. Yeye alikuwa anatazama paji la uso la yule mtoto. Pana, lililoinama kidogo mbele. Alilijua lile paji la uso. Alikuwa amelibusu.

"Avelina," Murhula akasema. Akaibana trei kifuani. "Unafanya nini huku?"

"Napeleka dawa. Na wewe? Rufus yuko wapi nimsalimie?"

"Ngoja nikuelezee..."

"Rufus kafunga tangu Juni, Murhula. Nilimchanja jana. Wewe ukala wali wangu ukaniambia hajambo, kazeeka tu!"

"Ni kweli amezeeka."

"Usinifanyie mzaha! Huyu ni nani? Na huyu mtoto ni wa nani?"

Yule mwanamke akaitundika ile pampu juu ya kamba, polepole. Nyaya mbili, mdomoni. Kisha akamgeukia msichana. "Divine, ingia ndani. Funga mlango." Mtoto akaingia. Mwanamke akapandisha barakoa, akamtazama Avelina kutoka juu hadi chini bila chuki.

"Njo huyu, Avelina wako?" akamuuliza Murhula. Murhula akaitikia kwa kichwa. "Karibu, dada. Mimi ni Kasoki. Bwana yangu alikuwa Fidèle, kaka mukubwa wa huyu."

Fidèle. Avelina aliijua picha ya Fidèle iliyokuwa ukutani karakana, na alijua kwamba alifariki miaka miwili iliyopita kwa maradhi ya figo. Alikuwa ameyafuta machozi ya Murhula siku ya kumbukumbu yake.

"Uliniambia Fidèle alikufa," akamwambia Murhula. "Hukuniambia aliacha mke na mtoto dakika kumi kutoka karakana yako."

"Watoto watatu," Kasoki akasema. "Wawili wako darasani, kwa Zoom. Nilifanya kazi kwa Rufus miaka mbili. Alipofunga, shifts zikaisha, na mimi hii kazi najua. Nikamwambia shemeji, lete hapa. Chaja ya betri, ndoo, dawa. Ni hiyo tu."

"Na nyaya mbili?" Avelina akauliza. Hata yeye alijishangaa kuuliza swali hilo kati ya yote.

"Waya moja inaponyoka," Kasoki akajibu. "Mimi naogopa kuangusha kitu."

Hapo hasira ya Avelina ikapungukiwa na mahali pa kukaa. Mjane, kazi ya mikono, watoto wa ndugu. Kuna mwanamke gani mwenye akili angemlaumu mtu kwa hilo? Lakini shaka ikishapata kiti haiondoki kwa kuambiwa karibu tena. Kama jambo lenyewe ni jema hivi, lilifichwa kwa nini?

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

Murhula akaweka trei chini. Akatazama ndoo, akatazama viatu vyake.

"Mwambie," Kasoki akasema. "Usipomwambia, nitamwambia mimi."

"Kwetu," Murhula akaanza, "ndugu mukubwa akikufa, mudogo anachukua bibi yake na watoto. Ili jina lisipotee. Siyo wote wanafanya tena. Lakini mama... mama anataka."

"Anataka umrithi Kasoki."

"Kila dimanche, akitoka misa, ananiuliza."

"Nawe unamjibu nini?"

Ndani ya nyumba mwalimu wa Zoom alikuwa anahesabu kwa tatu.

"Namwambia tuko lockdown," Murhula akasema. "Namwambia ofisi ya ndoa zimefungwa."

Avelina alitaka kucheka, akaona atalia. "Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Mwezi wa tatu."

"Mwaka na nusu! Mama yako amekaa Bukavu anasubiri harusi yako na Kasoki, wewe unamsingizia korona? Na Jumamosi je? Jumamosi mama huyohuyo anaongea na kaka yangu kuniposa mimi. Angesema nini?"

Kasoki ndiye aliyeanza kuelewa, akapiga glavu zake kwa hasira. "Angesema Mashi," akasema. "Pengine ameambiwa samedi watu wa kanisa watamsalimia. Na huyu angetafsiri. Si vile, shemeji?"

"Nilitaka tuoane kwanza," Murhula akasema kwa sauti ndogo. "Mama akishaona imekwisha, atanyamaza. Nilikuwa naogopa kukupoteza, chérie. Kassian hanitaki. Angesikia kuna mjane wa familia, angefunga mlango. Nilikuwa naogopa pande zote."

Alisema kweli, ilionekana. Na Avelina alimwonea huruma, na huruma ile ikamchoma zaidi kuliko uongo wenyewe. Angeweza kuolewa na mkimbizi, angeweza kuolewa na fundi wa vyuma chakavu na ndugu zake wote wakamcheka. Lakini kukaa maisha yake yote na mtu ambaye kila neno lake atalitafutia kitone cha waya, hilo hapana.

"Mpigie," akasema.

"Nani?"

"Mama yako. Kule ni asubuhi, ameshaamka. Mpigie sasa hivi, mwambie. Kama huwezi, Jumamosi usijisumbue."

Murhula akamtazama Kasoki kama mtu anayetafuta pa kutokea. Kasoki akakunja mikono. Murhula akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya nje. Ikaita mara mbili, sauti ya mwanamke mzee ikajaa banda zima.

Wakaongea Mashi. Neno hata moja Avelina hakulielewa. Ndipo akagundua ujinga wake: amedai ukweli kwa lugha asiyoijua. Murhula angeweza kusema lolote. Mtu pekee wa kumtafsiria alikuwa mwanamke ambaye, kwa mujibu wa yule mama simuni, alikuwa mke mtarajiwa wa mchumba wake. Akamsogelea Kasoki kwa umbali wa mita moja na nusu.

"Anasema nini?" akanong'ona.

Kasoki alikuwa Mnande, Mashi si lugha ya kwao, lakini alikula chungu kimoja na mama mkwe miaka sita. "Anamsalimia," akanong'ona. "Anauliza goti lake... Mama anasema linauma, mvua imechelewa."

"Na sasa?"

"Bado goti."

Avelina akamwangalia usoni. Ndiyo yaliyosemwa kweli, goti kwa goti? Ama huyu mwanamke alikuwa anapima la kumwambia na la kumficha? Angekuwa yeye ana watoto watatu na mwanamume mwema amesimama mlangoni, je, angetafsiri kila kitu?

Sauti ya mama ikapanda. Murhula akajibu kwa neno fupi.

"Mama anauliza kama ofisi imefunguliwa," Kasoki akasema.

"Naye kamjibu nini?"

Kasoki akafuta glavu kwenye aproni. "Amesema labda mwezi wa kumi."

Mama akauliza kitu kingine, kifupi. Murhula akamtupia Avelina jicho, akalikwepesha haraka, akajibu.

"Amesema nini?"

Kasoki akatikisa kichwa.

"Dada, tafadhali. Amesema nini?"

"Mama ameuliza kuna nani karibu yake. Anasikia watu." Machozi yalikuwa yanamlengalenga Kasoki, na hakuwa anamlilia Avelina peke yake. "Amesema hakuna mtu. Amesema iko peke yake."

Kasoki angeweza kudanganya. Angeweza kusema amekutaja, amekusifu, nenda zako kwa raha. Wanawake wawili walikuwa wamesimama ndani ya banda moja na mwanamume mmoja, naye amewafuta wote kwa pumzi moja, na aliyesema ukweli ni yule aliyekuwa na sababu zote za kuuficha. Avelina alilijua hilo mara moja, na shaka yote aliyokuwa nayo juu ya Kasoki ikaisha.

Akapiga hatua mbili, akainama kwenye simu iliyokuwa mkononi mwa Murhula.

"Shikamoo, mama."

Kule Bukavu jogoo akawika. Kisha ile sauti ya kizee ikarudi, na haikurudi kwa Mashi. Ilirudi kwa Kiswahili kinyoofu cha sokoni, cha mtu aliyeuza na kununua nacho miaka yote.

"Ni nani anasema?"

Avelina akainua macho akamtazama Murhula. Hajui Kiswahili, alikuwa amewaambia. Mama wa kijijini. Murhula akafumba macho.

"Mjibu," Avelina akasema. "Kwa Kiswahili, nami nisikie."

"Avelina..."

"Ameuliza ni nani. Mimi ni nani, Murhula?"

Murhula akaileta simu mdomoni. Akavuta pumzi.

"Mama," akasema. "Anaitwa Avelina. Ni mutu wa Tanzania. Ni yeye nataka kuoa. Ofisi hazikufungwa, mama. Nilidanganya. Kasoki ni dada yangu, siwezi kumuoa, na yeye hataki. Nilikuogopa."

"Na watoto ya Fidèle?" mama akauliza.

"Ni watoto yangu. Nitawalea. Jina halitapotea. Lakini mama yao si bibi yangu."

"Kasoki iko hapo?"

"Niko, mama," Kasoki akasema.

"Ni vile?"

"Ni vile, mama. Fidèle alikuwa mumoja. Sitaki mwengine, ata huyu."

Mama akavuta pumzi ndefu, ikasikika ikikwaruza. "Mwaka na nusu," akasema, "niko nawaambia watu mutaa muzima. Nimenunua hadi kitambaa." Sauti ikavunjika. "Samedi musiniite." Simu ikakatika.

Murhula akabaki ameishika mbele yake kama sahani tupu. Hakulia. Alikuwa amepauka tu midomoni. Avelina alikuwa amepata alichokitaka, ukweli mzima kwa lugha anayoielewa, na bei yake ilikuwa sauti ileile ambayo Kassian aliisubiri kwa Jumamosi. Bila mama, hakuna posa. Kassian si mtu wa kulegeza kipimo.

Kasoki akavua glavu, moja, kisha ya pili. Akanawa mikono kwenye bomba la nje, akarudi akijifuta kwa aproni.

"Kaka yako anataka mukubwa wa familia yetu," akamwambia Avelina. "Mama amekataa. Fidèle amekufa. Hapa Australia mukubwa ni mimi, bibi ya mukubwa wake. Nitakaa kwenye hiyo Zoom."

"Utamwambia nini kaka?"

"Kweli. Nitasema shemeji yangu ni mwoga, alificha, alidanganya watu wawili, watatu. Halafu nitasema leo alisema, na ikamukosesha mama yake. Kaka yako ataona mwenyewe kama inatosha."

"Kaka siye anayeolewa," Avelina akasema.

Akamgeukia Murhula. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakumtafutia kitu usoni. Alichoka kutafuta. Alimwona tu jinsi alivyo, mtu mwema mwenye woga, mwenye kovu kwenye kidole gumba, na alimpenda, na alikuwa bado amemkasirikia.

"Bado uko na mimi?" Murhula akauliza.

"Mpigie tena."

"Amekata, chérie. Unasikia mwenyewe. Hatapokea."

"Najua. Mpigie tena. Na kesho, na Jumapili. Hata asipopokea." Akausukuma mkono wake wenye simu. "Ukimwacha mama yako hivi kwa ajili yangu, na mimi siku moja utaniacha hivihivi, kwenye simu iliyokatika. Mpigie."

Murhula akapiga. Ikaita huko Bukavu, ikaita, mpaka ikajikata yenyewe. Akapangusa macho kwa mkono wa shati akapiga tena. Dawa za watu wawili zilikuwa bado zinamsubiri Avelina garini, na meneja alishatuma ujumbe mara tatu, lakini hakuondoka.